Mwamba Sakafu

Mwamba ngoma huvutia kwake ngozi.
Sasa njoo Ghala, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi,
uone watu wanne tunavyowamba sakafu moja
ambayo bado haipo.

Mundhir, msanifu, anataka dari ipae.
Shanavas wa mabomba anataka choo kisogee,
"shubiri mbili tu, dada."
Wa viyoyozi hasemi kitu, anatuma faili usiku wa manane.
Nami navuta kano zangu:
nyuzi saba zimesokotwa kuwa moja,
kano tano katika mrija bapa,
zinapanda penye bega la nguzo, zinalegea katikati,
kama kamba za kitanda cha bibi kule Al-Khoudh,
kilichokuja naye kutoka Wete
na hadi leo huwambwa upya kikianza kubonyea.

"Nyumba haijajengwa," mama huniuliza kwenye simu,
"wewe umeingia kwa mlango gani?"
Naingia kwa ukutani, mama.
Napita ndani ya zege kama jini asiye na haraka,
nahesabu vigoda vinavyobeba mirija:
milimita arobaini na tano, tisini, mia na sitini.
Na pale mstari wa D unapokatana na wa saba
kompyuta imewasha kidoti chekundu.
Bomba la choo limechoma kano katikati.

Hapa hakuna damu. Hapa nasogeza kwa kidole.
Kule, zege likishavutwa, kekee ikigusa kano
(sikiliza, Shanavas, sikutishi)
hukatika kwa mlio mmoja,
na chuma hutoka ukingoni kumtafuta mtu.

Choo kikarudi shubiri moja.
Tulipatana kwa chai ya karaki, aliilipia yeye.
Kidoti kikazimika.

Agosti, Bausher, hospitali ya macho.
Zege humwagwa usiku, limechanganywa na barafu,
maana mchana hata nondo hukataa kushikwa.
Nilipanda na tepu na tochi kabla ya lori la kwanza.
Mstari wa D. Wa saba.
Mrija haupo.
Upo, ila umehama, kiganja kizima, upande wa kusini.

Harunur, msuka nondo, hakuficha.
"Nondo za nguzo zilinibana. Nikaukunja kidogo.
Huo mfano wako haukuniuliza."

Kweli. Haukumuuliza.
Sote wanne tulivuta ngozi ofisini, kwenye baridi ya mashine,
na aliyekuwa ameushika ule mrija kwa mikono
hatukumpa hata kiti.

Lori linanguruma getini. Barafu inayeyuka.
Mhandisi mkazi anatazama saa, kisha ananitazama mimi.
Nikapima mkunjo mara mbili, nikampigia mkokotoaji, nikamwamsha.
Mkunjo ni mpole, akasema, uacheni, uoneeni tu huruma konani.
Harunur akafunga nondo tatu za kuushikilia.
Nami nikakaa juu ya ndoo, kompyuta magotini,
jasho likidondokea vibonyezo,
nikauhamisha mstari wangu ukamfuata yeye.

Siku ya nne vipande vya zege vilipondwa, vikatoa nguvu tuliyoitaka.
Jeki ikang'ata.
Kano ya mita ishirini na tisa
ilitakiwa irefuke milimita mia na tisini na mbili.
Ikatoa mia na themanini na tisa.
Kabari zikauma, nanga ikatulia,
uji wa saruji ukaingia mrijani, ukachungulia upande wa pili.
Sakafu ikajinyanyua unene wa ukucha.
Hakuna aliyeona. Shanavas alidai ameona.

Iko siku fundi atakuja na kekee
kufunga mashine ya kupimia macho.
Ataufungua mfano, atafika D na saba,
ataukuta mkunjo, na kando yake maneno yangu:
Umehamishwa na Harunur, usiku wa kumwaga, kwa sababu ya nondo.

Meneja ameniambia nifute jina, niweke namba.
Sijafuta.